Dawa ya meno ya miti shamba: jinsi ya kuijaribu bila kuyaumiza meno

Ukipanda basi la Gulu au Arua pale Kampala, mara nyingi kabla ya safari kuanza huwa kuna mtu amesimama mbele na mfuko wa dawa mkononi. Anataja karafuu, anataja mwarobaini, anauliza nani ana jino linalomnyima usingizi, na hajamaliza maneno vikopo vimeshaanza kupita kiti hadi kiti. Supamaketi nako kuna dawa za meno zenye picha ya majani kwenye boksi. Vijijini wazee bado wana vijiti vyao vya kutafuna. Miti shamba ya kinywa haijawahi kupotea Uganda, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kwamba haikupotea.

Ila nataka msomaji aitumie kwa kazi inayoiweza. Miti shamba husaidia fizi, husaidia harufu ya mdomo, hutuliza vidonda vidogo. Jino linalooza ni habari nyingine. Hapo kinga iliyothibitishwa ni floraidi, madini yanayotiwa kwenye dawa nyingi za meno, na mpaka leo hakuna jani wala gome lililoweza kushika nafasi yake. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuongeza juu ya ulichonacho: miti shamba asubuhi au mchana, floraidi kila usiku. Hatua zote zinazofuata zimetoka hapo.

Hatua ya 1: Chungulia kinywa chako kwanza

Simama penye mwanga wa mchana ukiwa na kioo, au umwombe mtu akumulikie kwa tochi ya simu. Vuta mdomo wa chini utazame fizi za meno ya mbele. Vitabu vingi husema fizi yenye afya ni ya waridi, lakini wengi wetu tumezaliwa na fizi zenye weusi, na weusi huo si ugonjwa. Tazama umbo. Fizi yenye afya imelibana jino na ukingo wake ni mwembamba. Iliyoanza kuugua imevimba, inang'aa, na ukiipitishia mswaki inatoa damu.

Kisha inua ulimi utazame nyuma ya meno ya mbele ya chini. Mate hutoka kwa wingi sehemu hiyo, na madini yaliyomo ndani yake huugeuza ukoga, yaani utando laini unaoshika juu ya meno, kuwa ugaga, ule ukoko mgumu wa manjano au kahawia. Ugaga ukishashika hautolewi na dawa ya meno yoyote, iwe ya kiwandani au ya miti. Unakwanguliwa na daktari wa meno kwa vifaa vyake. Ukikuta unao mwingi, anzia kwa daktari, kwa sababu fizi iliyoegemea ugaga haiponi kwa kusukutua, hata usukutue mara ngapi.

Malizia na meno yenyewe. Doa jeupe lililopauka karibu na fizi ni dalili ya mwanzo kabisa ya kuoza, na hapo jino bado linaweza kuokolewa kwa floraidi na kupunguza sukari. Tundu la kahawia au jeusi linahitaji kuzibwa. Andika ulichokiona kwenye daftari na uweke tarehe. Utayahitaji maandishi hayo mbele.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini floraidi isitupwe

Ukoga ni utando wa bakteria wanaoishi juu ya jino. Wakipata sukari, iwe ya chai, ya soda au ya kabalagala, wanaigeuza kuwa asidi. Asidi ikishusha pH (kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) juu ya jino chini ya takriban 5.5, madini ya tabaka la nje huanza kuyeyuka. Ukiacha kula, mate huipunguza asidi hiyo na kurudisha madini taratibu. Mvutano huo unaendelea kinywani kila siku, na jino hutoboka pale ambapo madini yanaondoka zaidi kuliko yanavyorudi. Floraidi huharakisha madini kurudi na kulifanya tabaka la nje liwe gumu kuyeyushwa. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Karafuu na mwarobaini huua bakteria wa kinywa vizuri maabara. Kinywani bakteria hao hurudi baada ya muda mfupi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachorudisha madini kwenye jino. Mtu mzima mwenye fizi zinazotoka damu atafaidika navyo. Mtoto anayekunywa soda kila siku na kupigwa mswaki kwa karafuu tupu ataishia kung'olewa magego.

Kuna sehemu moja ya nchi ninayoitenga. Kisoro, chini ya mlima Muhabura, ardhi ni ya volkano na baadhi ya vyanzo vya maji vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi wakati meno ya mtoto bado yanajijenga ndani ya ufizi, meno hutoka yakiwa na madoa meupe au ya kahawia. Mzazi wa huko amuulize daktari wa meno wa wilaya kuhusu maji anayotumia kabla ya kuchagua dawa ya meno ya mtoto mdogo. Kwingine, ambako maji hayana tatizo hilo, usikubali mtu akutishe na floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno ya kawaida.

Hatua ya 3: Ukinunua, soma nyuma ya boksi

Jani lililochorwa mbele halisemi lolote. Geuza boksi utafute orodha ya viungo. Dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la miti shamba zina floraidi pia, na hizo ndizo ninazowapendekezea watu wasiotaka usumbufu, maana zote mbili zimo kwenye mrija mmoja. Utaona limeandikwa neno Fluoride, pengine Sodium Fluoride au Sodium Monofluorophosphate, na mara nyingi namba yenye herufi ppm, yaani sehemu kwa milioni. Namba nzuri kwa mtu mzima ni kati ya 1000 na 1500. Kama neno hilo halipo popote, hiyo ni dawa ya asubuhi au mchana.

Tafuta pia tarehe ya mwisho wa matumizi, jina na mahali pa kiwanda, na alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kitu kinachodai kutibu ugonjwa kinaingia kwenye mamlaka ya NDA, wasimamizi wa dawa nchini, na muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimwuliza namba yake ya usajili.

Yule wa kwenye basi naye ulizwe. Ndani mna nini? Kimetengenezwa wapi, na lini? Mama mjamzito anaweza kukitumia? Akijibu vizuri na kikopo kina lebo, uamuzi ni wako. Akikwambia dawa hiyohiyo inatibu meno, vidonda vya tumbo, presha na nguvu za kiume, hela yako ibaki mfukoni. Na unga usio na lebo kabisa usiutie kinywani, hata ukiwa na harufu nzuri namna gani.

Jambo moja la kuzoea: dawa nyingi za miti shamba hazitoi povu jingi. Povu hutokana na sabuni iliyomo ndani ya dawa, na anayeondoa ukoga ni mswaki.

Hatua ya 4: Jaribu mswaki wa mti

Huu ndio ninaoupenda kuliko vyote, na gharama yake ni ndogo. Mswaki wa mti unaojulikana zaidi ni wa Salvadora persica, ule unaouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani ndipo thamani yake huonekana, kwa sababu mdomo hukauka mchana kutwa na mate hupungua. Vijiji vya Uganda vina miti yake mingine. Mwaka 2011 watafiti wa hapa nchini walichapisha kazi kuhusu vijiti vinavyotafunwa kijijini, na baadhi ya mimea waliyoipima, ukiwemo mmoja wa jamii ya Rhus, ilizuia bakteria wa jamii ya streptokokasi.

Tumia mti unaotumiwa na watu wa eneo lako miaka yote, na uonyeshwe na anayeujua. Usikate kijiti kwenye kichaka usichokifahamu. Mti wowote unaotoa utomvu mweupe uuache, hasa mnyaa, ule ambao Waganda huuita nkoni: utomvu wake unaunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho.

Kata kijiti chenye unene wa kidole chako cha mwisho na urefu wa sentimita 15 hivi. Kioshe kwa maji safi. Menya ganda upande mmoja, sentimita moja inatosha. Tafuna ncha hiyo kwa magego polepole, ukiizungusha, mpaka nyuzi ziachane na kuwa laini. Mara ya kwanza utasikia ukali, pengine na uchungu, na mate yatajaa mdomoni. Hayo mate yana faida, lakini ya kwanza yateme. Kijiti kikiwa kimekauka, kiloweke kwenye maji safi kwa dakika chache. Kukilaza majini usiku kucha kunakiondolea ukali wake na nyuzi zinakuwa dhaifu.

Sasa shika karibu na ncha, uweke nyuzi pale jino linapokutana na ufizi, na usogeze kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unashuka, meno ya chini unapanda. Pita jino moja baada ya jingine, mbele kisha nyuma. Watu wengi husugua kwa kwenda kushoto na kulia kwa nguvu, na baada ya miaka ufizi hurudi nyuma na shingo ya jino hubaki wazi, ikiuma kila unapokunywa maji baridi. Ukimaliza, kata sehemu iliyotumika. Kesho utamenya mpya.

Udhaifu wake ni magego ya ndani, hasa upande wa ulimi, ambako kijiti kilichonyooka hakifiki vizuri. Ndiyo sababu usiku narudi kwenye mswaki wa dukani wenye nywele laini.

Hatua ya 5: Pika maji ya kusukutua

Ya kwanza ni ya chumvi, na haihitaji maelezo mengi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Koroga mpaka iyeyuke yote. Ukitumia chumvi ya mawe ya Katwe, iache itulie kisha umimine maji ya juu, uchafu ubaki chini. Maji haya yanatuliza ufizi uliovimba na vidonda vya mdomo. Aliyeng'oa jino asisukutue siku hiyohiyo, maana ataondoa damu iliyoganda ambayo ndiyo inayofunika shimo. Aanze kesho yake, taratibu.

Ya pili ni ya majani ya mpera na karafuu. Mpera uko kwenye viwanja vingi, na majani yake yana tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni na kuukaza ufizi. Karafuu ina yujino, mafuta yanayotia ganzi na kupunguza bakteria. Unahitaji:

- majani 8 hadi 10 ya mpera, mabichi, yasiyo na madoa
- karafuu kavu 10
- maji nusu lita
- nusu kijiko cha chai cha chumvi

Osha majani kwa maji yanayomiminika, pande zote mbili, kwa sababu vumbi la barabarani hushika chini ya jani. Yachane vipande, yatie kwenye sufuria na maji, funika, na yakishachemka punguza moto. Yaache dakika 10. Maji yatakuwa ya kahawia, rangi ya chai isiyo na maziwa. Epua. Sasa ponda karafuu kidogo, tu zipasuke, uzitie ndani na ufunike tena mpaka ipoe. Karafuu huingia baada ya kuepua kwa sababu mafuta yake huruka na mvuke. Ukizichemsha pamoja na majani, jikoni kutanukia na chupa itabaki na kidogo. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, mimina kwenye chupa uliyoiosha kwa maji ya moto. Usitie sukari wala asali, hata kama ni chungu.

Chukua funda moja, lizungushe mdomoni kwa nusu dakika hadi dakika nzima, uteme. Usimeze. Mara moja au mbili kwa siku inatosha. Ukisikia kuwaka kupita ganzi ya kawaida, ongeza maji. Ukitoka vidonda au midomo ikivimba, acha kabisa. Haina kihifadhi chochote, kwa hiyo itumie siku hiyohiyo. Kwenye friji isizidi siku tatu. Ikianza kuteleza au kuwa na harufu ya uchachu, imwage. Tumia kwa wiki mbili kisha pumzika, kwani tanini huacha rangi kwenye meno.

Wenye mwarobaini, hasa watu wa kaskazini na West Nile, wanaweza kutumia majani yake matano mahali pa majani ya mpera. Uchungu wake hausahauliki. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetafuta ujauzito wasiutumie. Mafuta ya mbegu za mwarobaini hayafai kuingia kinywani mwa mtoto hata tone, kwani yamewahi kuwadhuru watoto vibaya sana.

Kwa harufu ya mdomo, majani ya mujaaja au mnanaa yaliyolowekwa kwenye maji ya moto yanapendeza. Lakini harufu nyingi hutoka nyuma ya ulimi. Kwangua ulimi kwa kijiko kila asubuhi, ukianzia nyuma kuja mbele, utaona tofauti kubwa kuliko kwa majani yoyote.

Hatua ya 6: Vitu vya kuviacha nje ya kinywa

Kama unataka unga wa meno wa nyumbani, tumia bikabonati ya soda, ile ya kupikia mandazi, na chembe ya karafuu iliyosagwa. Chovya mswaki ulioloa. Bikabonati ni laini kwa jino na inapunguza asidi. Karafuu isagwe mpaka iwe vumbi: isugue kati ya vidole, na ukisikia chembe, ichuje tena kwa kitambaa. Usichanganye bikabonati na magadi ya mawe yanayolainisha maharage, ambayo ni makali zaidi na yanaweza kuwa na floraidi isiyopimwa.

Ndimu na siki viache kabisa. Watu huvisugua ili meno yawe meupe, na kweli yanang'aa kidogo siku ya kwanza, kwa sababu asidi imekula tabaka la juu. Tabaka hilo haliwezi kuota tena. Mkaa na majivu vinakwaruza. Uchunguzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba mkaa ni salama au unafanya kazi. Chumvi kavu ya chembe nayo inachubua ufizi.

Jino likiuma usiku, watu hufanya mambo ya hatari. Waragi mdomoni unaunguza nyama laini na hautibu chochote. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa yanaweza kubabua ufizi, na mtoto akiyameza ini lake linaweza kuharibika. Asidi ya betri na petroli sitaki hata kuvijadili: vinaua nyama, vinaua jino, na vimelaza watu wengi hospitali bila sababu.

Hatua ya 7: Panga siku yako

Asubuhi, kabla au baada ya kifungua kinywa, tumia mswaki wa mti au dawa ya miti shamba. Kama umekunywa juisi ya ndimu, ya machungwa au soda, subiri nusu saa kwanza, kwani asidi huwa imelilainisha jino. Mchana, baada ya chakula, sukutua maji yako ya mpera. Usiku, kabla tu ya kulala, dawa yenye floraidi kwa dakika mbili nzima, halafu teme na usisuuze kwa maji. Wengi wetu tulifundishwa kusuuza mpaka mdomo uwe hauna ladha. Hapo floraidi yote inaishia kwenye beseni. Kwa sababu hiyohiyo usisukutue maji ya miti mara baada ya mswaki wa usiku. Baada ya hapo usile wala usinywe chochote isipokuwa maji.

Maji unayotumia kinywani yawe yaliyochemshwa au kutibiwa. Mswaki wa dukani ukae wima, penye hewa, mbali na choo, na ubadilishwe kila miezi mitatu hivi au nywele zikishapinda. Mswaki hauazimwi, hata kwa mke au mume.

Hatua ya 8: Pima kama inakufaa

Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Walipoanza kusafisha tena, zilipona kwa takriban wiki moja. Zingatia kwamba hakuna jani lililohusika: kilichowaponya ni kuondoa ukoga. Mara nyingi mtu hubadilisha dawa, na kwa sababu ana hamu na kitu kipya anasugua vizuri zaidi, kisha sifa zote zinakwenda kwa dawa.

Kwa hiyo jipe wiki tatu, na upime kwa macho. Nunua rangi nyekundu ya chakula, ile ya keki. Paka midomo Vaseline isishike rangi, dondosha matone mawili matatu mdomoni, yapitishe juu ya meno yote kwa ulimi, kisha teme na usuuze mara moja. Penye ukoga patabaki pekundu. Utashangaa wekundu unapokusanyika: mara nyingi ni kando ya ufizi na nyuma ya magego ya mwisho, upande wa mkono unaoandikia. Piga picha kwa simu. Rudia mwishoni mwa kila wiki, ulinganishe, na uandike kama fizi bado zinatoa damu. Wekundu ukipungua na damu ikikoma, endelea. Damu ikiendelea baada ya wiki tatu za kusafisha vizuri, miti shamba imefika mwisho wa uwezo wake kwako.

Watoto

Jino la kwanza likitoka, anza mswaki. Chini ya miaka mitatu weka dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi ndiye apake, na asimame naye mpaka ateme. Maji ya kusukutua, ya dukani au ya miti, yasubiri afike miaka sita, kwani mdogo atayameza.

Na hapa lazima niseme juu ya ebiino, yale ambayo Waswahili wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa au anaharisha, ufizi unaonekana umevimba na kuna kitu cheupe ndani, na mtu anayeheshimika kijijini anakuja kuuchokoa au kuusugua kwa majani. Kile cheupe ni jino halisi la mtoto likiwa bado changa. Likitolewa, mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na wako watoto waliokufa hivyo. Waliopona mara nyingi meno yao ya ukubwani huota vibaya au hayaoti. Homa na kuhara kuna chanzo chake, pengine malaria, na dawa yake iko kituo cha afya. Mama, usikubali mtu afungue ufizi wa mwanao.

Wakati wa kuacha majani na kwenda hospitali

Nenda siku hiyohiyo ukiona uvimbe wa shavu, taya au shingo, homa pamoja na maumivu ya jino, shida ya kumeza au mdomo kushindwa kufunguka. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.

Nenda wiki hiyohiyo kama jino linakuamsha usiku au linauma muda mrefu baada ya kitu cha moto. Hapo uozo umefika kwenye mshipa ndani ya jino, na hakuna kitu unachosukutua kitakachofika huko. Karafuu inaweza kukupa usingizi wa usiku mmoja, na maumivu yakikoma yenyewe baada ya siku kadhaa, pengine mshipa umekufa na usaha unaanza. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilotoka, na meno yanayolegea kwa mtu mzima navyo vichunguzwe. Utando mweupe unaokwanguka kwa mtu mzima unaweza kuonyesha kinga imeshuka. Pima VVU na sukari bila kuona haya.

Vituo vya afya vya daraja la nne, yaani Health Centre IV, hupangiwa mhudumu wa meno, na hospitali za wilaya na za rufaa pia. Piga simu au uulize siku za kliniki kabla ya kusafiri. Beba kikopo au majani uliyokuwa ukitumia na uyaonyeshe. Mweleze mhudumu kama una mimba, una kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwani karafuu nyingi na dawa hizo haviendani. Na ukiambiwa jino ling'olewe, uliza kwanza kama linaweza kuzibwa, na kama huduma hiyo haipo hapo, uliza hospitali gani iliyo karibu inaitoa.